Basi kujaa si ruhusa ya kugombania mlango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu namna tunavyopanda daladala katika jiji hili la Dar es Salaam, hasa jioni, kwa kulinganisha na niliyoyaona Mumbai, India, nilikokwenda kumuuguza ndugu yangu na ambako usafiri wangu wa kila siku kutoka mtaa wa Parel ulikuwa basi la umma.

Wapo wanaoshikilia kwamba tunagombania mlango kwa sababu watu ni wengi na magari hayatoshi. Mumbai ilikuwa na watu zaidi ya milioni 12 kwa sensa ya mwaka 2011, ilhali Dar es Salaam, kwa sensa ya 2022, ina watu 5,383,728. Na basi la kule, watu wakitoka kazini, hujaa kiasi kwamba anayetaka kujikuna sharti amwombe radhi jirani. Hata hivyo, kwenye vituo vya kuanzia safari nilikopandia, abiria walipanga foleni, na basi likijaa waliobaki walingoja linalofuata bila kuvunja mstari. Ndani, baadhi ya viti vya upande wa kushoto vimeandikwa kuwa ni vya wanawake. Nilimwona baba mmoja wa makamo, amepakata mfuko wa vitunguu, akiinuka kabla mama aliyepanda hajamfikia, wala kondakta hakufungua mdomo. Kondakta huyo alivuta kamba ya kengele mara moja ili dereva asimame, mara mbili ili aondoke, na sikusikia mtu akigonga bodi. Sisemi kule ni peponi: treni zao za asubuhi nilizitazama kwa mbali, nikaona inatosha.

Kwetu, daladala likiingia Mbagala Rangi Tatu au Gongo la Mboto jioni, wenye nguvu hulidandia kabla halijasimama, wengine hupitia dirishani, na mikoba hurushwa ndani kuwahi siti. Wanaobaki chini ni mama mwenye mtoto mgongoni, mzee, na mwanafunzi, ambaye kwa nauli yake ya shilingi 200 hata konda humzuia mlangoni.

Siombi turudi kwenye levo siti, yaani kila abiria aketi pasiwe na wa kusimama, kwa maana mwaka 2020, wakati wa korona, tulijionea abiria walivyorundikana vituoni. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho: halmashauri zetu zisimike vyuma vya foleni kwenye vituo vya kuanzia safari, kila njia na mstari wake, wazee na wajawazito wapandishwe kwanza, na msimamizi wa kituo awe na mamlaka ya kulizuia kuondoka gari lolote ambalo konda wake amepakia nje ya foleni. Rangi Tatu ingefaa kwa majaribio ya miezi michache, kabla ya fedha nyingi kutumika kwingineko.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam