Msitukalishe kwa sababu ya magoti

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaombe jambo moja wote wanaoishi na mgonjwa wa magoti au nyonga: acheni kutukalisha.

Mimi ni fundi cherehani. Goti langu la kulia lina ugonjwa wa kulika gegedu, ambao madaktari huuita osteoathraitisi. Tangu watu wa nyumbani walipoiona ile picha ya eksirei, kila nikiinuka kuna anayeniwahi. Ndoo naporwa mkononi. Nikielekea kwenye ngazi nasikia, "Mama, kaa, tutakuletea." Najua wanafanya hivyo kwa kunipenda, na nawashukuru. Lakini goti langu linahitaji kitu kingine.

Gegedu, lile tabaka nyororo linalofunika ncha za mifupa ili isisuguane, halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute uliomo ndani ya kiungo, nao huingia vizuri pale kiungo kinapobebeshwa uzito kisha kikaachiwa, kama sifongo inavyokamuliwa ikanywa maji tena. Anayeshinda kitini analinyima gegedu lake chakula. Na si gegedu peke yake. Msuli mkubwa wa mbele ya paja ndio unaolishikilia goti lisiyumbe, na msuli usiotumika hunywea upesi. Goti likiyumba, maumivu yanazidi. Maumivu yakizidi, mgonjwa anazidi kukaa.

Kazi yangu imenionyesha hayo kwa macho. Yupo mzee mmoja ninayemshonea suruali, na vipimo vyake vyote viko kwenye daftari langu. Zamani alikuwa akisimama wima nimpime. Sasa watoto wake wamemkataza "kulichosha goti", nami nampima kwa taabu, nusu amesimama, nusu ameegemea meza. Nilipozungusha futi kamba kwenye paja la mguu unaomuuma nilikuta limekonda kuliko lile jingine, na limekonda kuliko lilivyoandikwa daftarini. Hakuna aliyemtakia mabaya mzee yule. Wamemlea hadi mguu umeisha nguvu.

Mimi mwenyewe nikikaa muda mrefu kwenye cherehani, hatua za kwanza nikiinuka huwa nzito, goti limekaza kabisa. Nikitembea kidogo linalegea. Kwa hiyo kila ninapomaliza nguo nainuka, hata kama mteja amesimama mlangoni. Mtaalamu wa mazoezi tiba alinifundisha zoezi ambalo halihitaji kifaa chochote. Unachukua kiti imara, unakiegesha ukutani ili kisirudi nyuma, unakunja mikono kifuani, unainuka bila kujisukuma, kisha unakaa polepole. Usijibwage! Huko kushuka polepole ndiko kunakoupa msuli wa paja kazi yake. Ambaye bado hawezi kuinuka hivyo, anyooshe mguu kitandani, aweke taulo iliyoviringishwa chini ya goti, aikandamize kwa goti huku akihesabu hadi tano, aachie, arudie.

Zoezi litauma kidogo, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa wakidhani wanajibomoa. Kipimo nilichopewa ni cha asubuhi ya pili: ukiamka goti likiwa limevimba au linauma kuliko jana, punguza. Punguza, usiache.

Kuhusu uzito nitasema machache, maana wanene tumechoka kuambiwa jambo hili kwa sauti ya lawama. Hesabu yenyewe inatia moyo kuliko lawama. Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2005 walikuta kwamba kwa watu wazima wenye uzito uliozidi na magoti mabovu, kila kilo moja inayopungua mwilini inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Hata kilo chache goti linazisikia.

Na bakora si aibu. Ila wengi huishika upande usiofaa. Goti la kulia likiuma, bakora iwe mkono wa kushoto, iende mbele pamoja na mguu unaouma. Urefu wake uishie kwenye kifundo cha mkono unaponing'iniza mkono ukiwa umesimama wima na viatu vyako.

Dawa za maumivu nazo zina nafasi yake, lakini zisigeuzwe kuwa chakula cha kila siku bila daktari kujua. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuchimba vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo, hasa kwa sisi ambao umri umekwenda. Diklofenaki ipo pia ya kupaka, na kwa goti mara nyingi inasaidia, huku kiasi kidogo tu kikiingia kwenye damu. Muulize daktari kabla hujazoea vidonge.

Sasa nieleweke vizuri. Sisemi kila anayeumwa viungo apewe mazoezi na kuachwa. Binti wa dada yangu alikuwa akiamka vidole vya mikono yote miwili vimevimba, hawezi kufunga vifungo vya nguo, na hali hiyo ikidumu zaidi ya saa nzima kila asubuhi. Akaambiwa ni uchovu wa kazi. Kumbe ni baridi yabisi ya ile aina ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo, na ambayo huwapata zaidi wanawake, hata vijana. Huo unataka vipimo na dawa mapema, kabla viungo havijapinda. Na kiungo kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, na mtu ana homa, hapo hakuna zoezi wala kuchua. Ni hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda kimeingia vijidudu, na vijidudu vinaweza kukiharibu kiungo ndani ya siku chache.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa wakiishi na osteoathraitisi, na magoti ndiyo yaliyoongoza. Sisi ni wengi mno kuwekwa pembeni na kuambiwa ni uzee.

Kwa hiyo, Mhariri, nakuomba ukurasa wako wa afya uchapishe mazoezi haya kwa picha, herufi ziwe kubwa, mtu akate abandike ukutani. Matabibu nao, mnapotuandikia vidonge, andikeni na zoezi kwenye karatasi ile ile: mara ngapi kwa siku, kwa wiki ngapi, na lini turudi kuonyesha maendeleo. Nanyi watoto wetu, mkituona tunaelekea kwenye ngazi, njooni mpande nasi, taratibu, mkono mmoja tukiwa tumeshika reli.

Fundi cherehani, msomaji wako