Ovahoo isiyo na vipimo: malalamiko kuhusu injini ya Datsun 240Z ya 1972

Kwa Meneja wa Mauzo,
Idara ya Magari ya Zamani,
Nairobi.

KUH: INJINI YA L24 ILIYOUZWA BILA KUMBUKUMBU ZA UKARABATI

Bw./Bi. Meneja,

Tunaandika kwa niaba ya mteja aliyenunua kwenu Datsun 240Z ya mwaka 1972, yenye injini ya silinda sita iitwayo L24. Tangazo lenu lilisema injini "imefanyiwa ovahoo kamili kwa vipimo vya kiwandani." Karatasi aliyokabidhiwa pamoja na funguo ina mstari mmoja unaorudia maneno hayo: haina tarehe, kilomita, jina la karakana, wala kipimo hata kimoja. Tumeifungua injini. Tumekuta kazi za mafundi watatu wa nyakati tofauti, na wa mwisho ni dhahiri hakujua wa kwanza alifanya nini.

Tuanze na haki yenu. Namba iliyopigwa kwenye bloki inalingana na bamba la gari, na hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) ni E88, aina inayofaa gari la mwaka huo. Hapo hatuna ubishi.

Sehemu ya chini ya injini ina kazi nzuri. Silinda ya kiwandani ya L24 ni mm 83. Hizi zina mm 84.03 na pistoni zimepigwa chapa 100, yaani ovasaizi ya mm 1. Kwa mwendo wa pistoni wa mm 73.7, ujazo umepanda kutoka sm³ 2,393 hadi takriban 2,450. Aliyeboa alijua kazi yake. Lakini mnunuzi alistahili kuambiwa, maana kabla ya kuboa tena ni lazima unene wa kuta upimwe kwa ultrasaundi.

Krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, ndiyo mtego. Shingo zake zinazoshika koneti (fimbo za pistoni) kiwandani ni mm 49.961 hadi 49.974. Tano kati ya sita zina 49.72, yaani zimesagwa andasaizi ya 0.25 (zimepunguzwa robo milimita). Ya nne ina 49.47: imesagwa mara mbili, na beringi yake ina chapa 050, yaani andasaizi ya nusu milimita. Kusaga shingo moja iliyoungua si kosa. Mafundi wengi hufanya hivyo kuokoa krankshafti. Kosa ni kutoandika. Fundi atakayefungua kofia moja, akaona 025, akaagiza seti nzima ya 025, ataacha uwazi wa ziada wa robo milimita kwenye koneti ya nne. Presha ya oili itashuka na injini itagonga kabla gari halijamaliza wiki.

Malalamiko makubwa yako kwenye hedi. Mgandamizo, kuanzia silinda ya kwanza hadi ya sita, ni psi 165, 160, 168, 112, 118 na 163. Kanuni ya Nissan, waliounda Datsun, ni kwamba silinda ya chini isipungue asilimia 80 ya ile ya juu. Hapa mpaka ni psi 134. Tulitia kijiko cha chai cha oili katika silinda ya nne na ya tano, namba hazikupanda. Kwa hiyo si ringi za pistoni. Tulipoingiza hewa ya kompresa kwenye ya nne, ilitokea kwenye tundu la plagi ya tano: gasketi imepasuka katikati yao.

Kwa nini ipasuke ikiwa ni mpya? Hedi nzima ya L24 ina kimo cha karibu mm 108. Hii ina 106.9. Imekwanguliwa milimita nzima na zaidi, dalili kwamba iliwahi kupata joto kali ikapinda. Hedi ya aluminiamu ikipinda haipindi uso wa chini pekee. Mgongo wake nao hupinda, pamoja na mstari wa minara mitano inayobeba kamshafti (mhimili unaofungua valvu). Ilipasa inyooshwe kwanza, ndipo ikwanguliwe. Aliyeifanyia kazi alikwangua chini akaacha mgongo ulivyo. Ushahidi ni rahisi: ondoa rokaarimu zote (vipande vinavyosukuma valvu), kaza minara, zungusha kamshafti kwa vidole. Yapasa izunguke bila kusita. Hii inabana kila mzunguko mahali palepale.

Kukwangua huko pia kumeshusha kamshafti karibu na krankshafti. Cheni inayoziunganisha imelegea, tensiona (kikaza cheni) imetoka karibu kufikia mwisho wake, na taimingi ya valvu imechelewa. Dawa ni shimu (vibati vyembamba) chini ya minara yote mitano, za unene uleule uliokatwa. Hakuna hata moja. Sproketi (gurudumu la meno) ya kamshafti bado iko kwenye tundu la 1, wakati tundu la 2 lingerudisha angalau nyuzi 4 za krankshafti.

Fundi wa tatu tunamjua kwa vipande vya kabari ya mbao vilivyokutwa kwenye chujio la oili pamoja na nyuzi za silikoni nyekundu. Kabari huzuia tensiona isichomoke hedi inapotolewa bila kufungua kava ya mbele. Hii ilivunjika ikaachwa humo. Pampu ya oili nayo ilirudishwa ikiwa imeruka jino moja. Silinda ya kwanza ikiwa juu kabisa, ulimi wa shafti inayoendesha distributa uelekee kama mkono wa saa kwenye 11:25. Huu umepita hapo, ndiyo maana distributa imesukumwa hadi mwisho wa tundu lake la kurekebishia.

Tangazo lilitaja pia Safari Rally. Ni kweli 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 na Shekhar Mehta. Ushindi huo haukunyoosha hedi hii.

Tunadai, ndani ya siku 14: karatasi za karakana iliyoboa silinda na kusaga krankshafti, au jina lake tukaombe wenyewe, tarehe na sababu ya hedi kutolewa, na malipo ya kunyoosha hedi, shimu, gasketi, seti ya cheni na tensiona, na usafishaji wa njia za oili, kwa ankara tuliyoambatisha. Kazi ya chini hatuidai. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo kuhusu ubora wa bidhaa, na "vipimo vya kiwandani" ni maelezo yanayopimika kwa maikromita.

Hedi, beringi za koneti ya nne na vipande vya mbao vimehifadhiwa. Mtume fundi wenu aje na vifaa vyake apime.

Wenu,
Mafundi wa mnunuzi

Viambatisho: jedwali la vipimo, picha 22, ankara.