Kompyuta zote zimekata mtandao kwa mpigo? Pima kebo kabla hujanunua kadi

Wateja wengi wenye mitambo ya zamani inayotumia ile Etheneti ya kebo nyembamba, 10BASE2, wanatuulizia kadi mpya ya mtandao, na tukiwauliza shida ni nini wanasema kompyuta zote zimekata kwa mpigo. Sasa zikikata zote kwa mpigo, kadi gani hiyo iliyokufa? Mara nyingi ni kebo au konekta na kadi ni nzima kabisa, inatuuma mtu kutoa hela yake bure.

Huu mtandao hauna swichi, ni njia moja ya kebo ya RG-58 inapita mashine hadi mashine, kila mashine imejishika kwa konekta ya BNC ya umbo la T, halafu kule mwisho pande zote mbili kuna kikofia kinaitwa teminata, ndani yake rezista ya omu 50. Kazi yake ni kumeza mawimbi yakifika mwisho. Ikilegea au ikitoka mawimbi yanarudi nyuma yanagongana na yanayokuja, kadi zinaona mgongano tu muda wote, basi hata mashine iliyo mbali na hitilafu nayo inakwama.

Kwa hiyo zima mashine, chomoa T moja kwenye kadi yake, weka multimita kwenye omu, upime kati ya pini ya katikati na chuma cha nje. Ukipata kama 25 uko salama, kwa sababu teminata mbili za 50 zikiwa sambamba zinatoa 25, kebo ndefu itaongeza kidogo usiogope. Ukipata 50 upande mmoja umekatika: toa kebo ya kushoto kwenye T, kama bado ni 50 basi mbovu ni huo wa kushoto, kama namba imepotea mbovu ni wa kulia, nenda T inayofuata upande huo urudie. Karibu na sifuri? Kuna uzi wa wavu, zile nyuzi za chuma zinazozunguka kebo chini ya ganda, umegusa pini, na hii tunaikuta sana kwenye konekta zilizobanwa na koleo ya kawaida, jamani tumieni koleo yake maalumu.

Ukipata 30 au 37 na kitu, kuna mtu kaweka teminata za omu 75, zile za video, kwa macho zinafanana kabisa. Kebo yenyewe ya omu 75 multimita haikuonyeshi, soma maandishi kwenye ganda, ikiandikwa RG-59 au RG-6 itoe.

Na T ikae kwenye kadi moja kwa moja, usiongeze kipande cha kebo katikati. Njia nzima ya kebo, teminata hadi teminata, isizidi mita 185 wala mashine 30.

Kebo tunazibana na kuzipima hapo hapo. Ukija lete kipande cha kebo yako, maana kuna RG-58 yenye waya mmoja ndani na yenye nyuzi nyingi, na pini ya moja si lazima iingie kwenye nyingine.