Majengo ya zamani Kisumu yaachiwe watu wakae

Mhariri,

Hapa Kisumu jengo likizeeka ni mambo mawili tu, ama lifungwe kufuli liitwe turathi ama tingatinga lije usiku. Mbona hakuna anayesema watu waendelee tu kuishi ndani?

Kule kaskazini mwa Uingereza, Northumberland na Cumbria karibu na mpaka wa Uskoti, zamani kulikuwa na wizi wa ng'ombe na uvamizi usioisha, kwa hivyo mwenye mali alijenga mnara wa mawe, ukuta mnene, chini stoo yenye dari ya mawe, watu wanalala juu, na dirisha ni kitundu tu. Halafu 1603 mfalme wa Uskoti akarithi pia kiti cha Uingereza, fujo za mpakani zikapungua polepole, na wenye minara wengi hawakubomoa, walitoboa madirisha makubwa wakaongeza vyumba kando maisha yakaendelea. Pale Sizergh, Cumbria, familia ya Strickland iko tangu 1239, mnara ni wa karne ya 14, mwaka wa 1950 nyumba ikapewa National Trust, shirika la kutunza majengo ya zamani, na familia haikuhama. (Baridi ya humo ndani enyewe sitaki hata kufikiria.) Nyumba kama hiyo iko kwenye orodha ya kulindwa, ukiibadilisha bila kibali hata kama ni yako hilo ni kosa la jinai, si mambo ya kuongea na kanjo, askari wa kaunti, pembeni.

Na sisi si wageni wa haya. Thimlich Ohinga kule Migori, ambayo UNESCO iliingiza kwenye turathi za dunia 2018, ni ngome ya mawe yaliyopangwa bila simiti, lakini ndani zilikuwa boma za watu na ng'ombe wao, hawa wakihama wengine wanaingia na kurekebisha ukuta. Ukuta wa aina hiyo ukikosa mtu wa kurudisha jiwe lililoanguka, miti inamea, mizizi inasukuma, unalala chini.

Sheria ya makavazi na turathi ya 2006 tunayo. Kaunti nayo ipunguzie ushuru wa ploti mwenye nyumba ya mawe ya zamani anayekubali kukaa ama kupangisha bila kubomoa, hasa zile za wafanyabiashara Wahindi katikati ya mji, duka chini familia juu, kwa sababu mpangaji akinyeshewa leo kesho fundi wa mabati yuko juu ya paa. MCA wetu, wawakilishi wa wadi, waliangalie hili kabla ya bajeti ijayo.

Msomaji wenu,
Kisumu