Msizibe kuta za mawe kwa saruji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotengeneza barabara zetu za milimani hapa Lushoto. Barabara inayopita juu ya shamba langu ilishikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa makavu, bila saruji. Mwaka juzi mkandarasi alikuja akaziba nafasi zote kati ya mawe. Ukapendeza, hata mimi niliusifia. Masika ya kwanza tu ukalala shambani, juu ya migomba yangu minane.

Ukuta wa aina hii husimama kwa uzito wake, na zile nafasi ndizo njia ya maji. Ukiziziba, mvua hujaa nyuma ya ukuta na kuusukuma. Anayelazimika kuziba aache matundu ya kutolea maji, tena ya kutosha, si mawili matatu ya kumwonyesha mkaguzi.

Kuna na kosa la upande wa pili: kubomoa kila ukuta uliotoa kitumbo. Kuna vitumbo vina umri kutuzidi. Mawe yalisogea zamani, yakakaa, yakatulia. La kujua ni kama kinakua. Kazi hiyo ni ya timazi (uzi wenye kitu kizito wa kupimia wima), futi ya kupimia na daftari: pima kabla ya vuli, rudi baada ya masika, pima palepale. Kikiwa kimeongezeka, au barabara juu imepasuka sambamba na ukuta, zuieni malori kwanza, maneno baadaye.

Na mkijenga upya, msiusimamishe wima ili mpate upana wa barabara. Mwaka 1834 mhandisi Burgoyne alijenga kuta nne za mawe makavu huko Ireland, kimo cha futi 20, kiasi cha mawe kilekile, maumbo tofauti. Alipojaza udongo nyuma, mbili zenye uso ulioinamia udongo zilisimama. Mbili zenye uso wa wima zilianguka.

Mitaro izibuliwe, hilo kila mtu analijua. Lisilosemwa ni wachimba mitaro ya mabomba wanaofukua chini kabisa ya ukuta, kwenye msingi, halafu wanafukia kwa udongo laini na kuondoka.

Mawe ya ukuta ule bado yako shambani kwangu, na wazee wanaojua kuyapanga wapo hapa kijijini. Waitwe kabla ya vuli.

Mkulima,
Lushoto