Mheshimiwa Waziri, dirisha la wazee liko mbali na kitanda cha bibi yangu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, Dodoma.

Mheshimiwa,

Choo cha bibi yangu kiko nyuma ya nyumba, hatua kama thelathini kutoka mlangoni. Kwa miaka miwili sasa, hatua hizo ndizo zinazompangia siku yake. Jua likizama hanywi maji, na chai ya jioni ameiacha, kwa kuogopa kutoka gizani. Akifika hawezi kuchuchumaa, magoti yamekataa. Mjomba alichukua kiti cha mbao, akakitoboa katikati, akakiweka juu ya shimo. Siku ya kwanza bibi alitoka pale analia, akimshukuru mwanawe kama aliyejengewa nyumba.

Uniwie radhi kuanza na choo. Ndiko mzee anakojua kwanza kwamba hajimudu tena, na ni jambo asilomwambia mtu.

Tuko milimani, Lushoto. Huku mtu hulima miteremko kwa jembe la mkono tangu utotoni, na kubeba kuni na majani ya ng'ombe kichwani. Akifika miaka sabini, mgongo na magoti vinadai chao. Majirani husema, "Ni uzee tu huo," na mazungumzo yanaishia hapo. Neno hilo linaniuma. Mtoto wa jicho si uzee tu: ni ugonjwa unaoondolewa kwa upasuaji, mara nyingi chini ya nusu saa, na mtu akaona tena. Magoti yana mazoezi yake, na bakora iliyokatwa kwa kimo cha mwenyewe humpunguzia mzee kuanguka.

Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Ipo ahadi ya matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, yapo madirisha yao hospitalini, na tangazo la kumpisha mzee ahudumiwe kwanza tumelisoma ukutani. Nashukuru kwa dhati. Lakini vyote hivyo vinamsubiri mzee pale mlangoni, afike kwanza. Kupata kitambulisho cha matibabu, bibi alitakiwa aende mwenyewe kupigwa picha. Tukampandisha bodaboda, mjomba nyuma yake, wamefungwa pamoja kwa khanga asidondoke. Njia ilikuwa tope. Tulipofika, mpiga picha alikuwa ameshaondoka. Bibi hakusema neno njia nzima ya kurudi. Nyumbani aliomba jambo moja tu, asipelekwe tena.

Basi anayehesabiwa ni yule anayefika. Yule aliyelala ndani, anayehitaji zaidi, hayumo kwenye daftari la mtu yeyote.

Sikuandikii habari ya pensheni, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar wenye miaka 70 na zaidi wanaipata tangu 2016. Hilo lina barua yake. Ninachoomba ni wazee wafuatwe majumbani na waulizwe. Mwaka 1963 daktari Mmarekani, Sidney Katz, na wenzake walichapisha kipimo cha mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Je, mzee anayaweza mwenyewe, au mpaka ashikwe mkono? Hakuna mashine hapo wala dawa. Ni mtu kukaa kwenye kigoda na kuuliza kwa adabu, na kwetu ningeongeza la saba: maji anachotewa na nani?

Watu wa kuuliza wapo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya 137,000 nchi nzima. Najua hao wako chini ya mwenzako wa Afya. Kaeni pamoja. Maswali hayo yaingie kwenye kazi zao, majibu yafike kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na kitambulisho kimfuate mzee alipo. Asiyeona apangiwe usafiri wa kwenda kupimwa macho. Asiyeweza kuchuchumaa atengenezewe kiti kama cha mjomba. Fundi seremala yupo kila kijiji.

Bibi anajua nakuandikia. Nilipomuuliza nikuombee nini, alisema anataka kamba ya kushikia kutoka mlangoni hadi chooni. Hiyo nitaifunga mwenyewe Jumamosi. Hayo mengine siyawezi, ndiyo maana nimeyaleta kwako.

Wako mtiifu,
Mjukuu, Lushoto