Nikopeshe Sauti Yako

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili, saa tano usiku

Mwanaidi shoga yangu,

Assalaam aleikum. Hujambo? Watoto hawajambo? Mama mguu unaendeleaje? Sisi wazima, joto tu ndilo linatutesa. Najua umeninunia, na una haki. Tangu Rehema aolewe sijakuandikia hata mstari mmoja, na simu yako ya siku ya Idi niliiona kesho yake nikaona haya kuipiga. Niwie radhi. Ya Rehema nitakupa mwishoni, maana kuna jambo limenikaa kifuani tangu Jumanne na nisipolitoa sitalala.

Nina haja na sauti yako.

Yale masomo ya Kiswahili kwa wageni, niliyoyaanza tukiwa bado pamoja kwa Mwalimu Chuwa, sasa yako kwenye tovuti. Masomo 22. Hamisi alinisimikia Moodle, ile programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, maandishi nimeyamaliza, mazoezi nimeyamaliza. Sauti ndizo bado. Na zile zilizopo, nyingi nataka kuzifuta.

Jumanne nimeletewa ujumbe na mwanafunzi wangu mmoja, binti aliyezaliwa Uingereza, bibi yake yuko Lushoto. Kumbe miezi minne yote alikuwa anasoma tu kwa macho, kwa sababu kuanzia somo la 6 sauti hazifunguki kwenye iPhone yake ya zamani, naye aliona aibu kuniambia. Sasa sikiliza. Bibi yake alimtumia picha ya nyumba yao. Kwenye picha ikaonekana barabara mpya inayopita mbele ya mlango. Binti akapiga simu, akasema kwa furaha: "Bibi, nimeiona barabara!" Akakaza silabi ya pili. Bibi akaelewa kwamba mjukuu ameiona picha vizuri sawasawa. Akajibu "haya mwanangu, vizuri", wakaendelea na habari za mahindi. Binti alikuwa anangoja asimuliwe ile barabara ilijengwa lini, ni njia ile ile aliyokuwa akipita mama yake kwenda shule? Hakusimuliwa. Ameniandikia kwamba alikata simu akalia, akidhani Kiswahili hakimtaki.

Mwanaidi, kosa ni langu. Maneno hayo mawili, barabara ya kupita na barabara ya sawasawa, niliyaweka mimi kwenye somo la 6, yamekaa sambamba kwenye karatasi, yanafanana herufi kwa herufi, na pembeni nimeandika "zingatia mkazo". Mtu ambaye hajawahi kusikia atazingatia nini? Sauti ilikuwepo, lakini niliirekodi kama sauti ya WhatsApp nikaihifadhi vile vile ilivyo, faili la ogg, na iPhone za zamani hazifungui ogg. Kwenye simu yangu ilicheza vizuri, nikaamini inacheza kwa wote.

Tangu siku hiyo nimerudi kukagua somo moja baada ya jingine, na kila ninapofungua nakuta jambo. Masomo matano ya mwanzo niliyarekodi kwenye kompyuta na kuyapakia bila kuyabana. Seva ilikuwa inakataa kila faili lililozidi megabaiti 2. Nikamwomba Hamisi aongeze kiwango, akaongeza, nikafurahi kwamba tatizo limekwisha. Tatizo nilikuwa nimelihamishia kwa wanafunzi. Somo moja la dakika 10 lilikuwa zaidi ya megabaiti 100! Yule sista wa Kipolandi anayehudumu Songea hununua bando la siku; somo moja tu limelimaliza, na hakuwa hata amefika kwenye salamu za jioni. Hakulalamika. Aliniuliza kwa adabu kama naweza kumchapishia. Sasa nimejua: sauti ya mtu anayezungumza haihitaji chaneli mbili. Ukiigeuza kuwa MP3 ya chaneli moja, kilobiti 64 kwa sekunde, dakika zile zile 10 hazifiki megabaiti 5, na inafunguka kwenye simu yoyote. Nililinganisha kwa masikio yangu, nimefumba macho, Hamisi akinichezea moja baada ya nyingine. Sikuona tofauti.

Lakini wepesi wa faili ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kupata sauti yenyewe, na hapo ndipo Dar inaponishinda.

Unakujua kwangu. Mchana jirani anachomelea mageti. Akipumzika yeye, kunguru wanaanza. Kunguru wakinyamaza, bodaboda wa pale kona anapima mashine yake. Jioni kuna baa. Mvua ikinyesha juu ya bati, basi tena. Nimebakiwa na saa nane usiku mpaka saa kumi hivi, kabla jogoo na adhana. Nazima feni, nachomoa friji, nafungua kabati la nguo nakaa nimelielekea, na nyuma yangu nasimamisha godoro la Salma. Kanga nilizotundika mwanzoni hazikusaidia kitu, ni nyepesi mno, mwangwi ulipita. Godoro ndilo linalomeza mwangwi. Jasho linanitoka hadi karatasi inalowa. Alhamisi niliporudi kulala nikasahau kurudisha friji. Changu wote wa Bi Mwajuma wakaharibika, ikabidi nimlipe. Nililipa bila kinyongo, maana usiku ule nilipata mazungumzo matatu safi.

Nilijaribu na studio, ile aliyonielekeza Babu Seif. Kijana ni fundi kweli, lakini ni wa muziki. Nilipoenda kuchukua kazi nikakuta ameitia mwangwi, na chini yake kinanda. Nikamwambia mwanangu, huyu msikilizaji anatafuta tofauti kati ya dha na tha, ukimwekea kinanda umemfungia mlango. Akasema bila muziki itaboa. Tukaachana kwa heri.

Kisha nikaenda Kariakoo kununua maiki ya kubana kwenye kola. Muuzaji akaniapia inafanya kazi na simu. Nimerekodi somo zima la 9 nayo, sauti inasikika kwa mbali kama mtu aliye kisimani. Hamisi akaichomoa akanionyesha: pini yake ina pete mbili nyeusi. Ya simu inatakiwa pete tatu. Kumbe simu haikuiona kabisa. Muda wote ilikuwa inarekodi kwa maiki yake yenyewe, nami nimeiweka mezani kwa mbali. Ukinunua maiki, shoga, hesabu pete kwanza. Nimeirudisha nimepata nyingine, na hii ni nzuri sana. Nitakuja kwayo.

Sasa kwa nini wewe.

Mimi ni wa Kondoa. Gh yangu ni g, ukitaka ukweli. Ghali yangu na gari yangu ndugu. Miaka yote hii nimefundisha kwa ubao, na ubao hausemi. Unakumbuka jioni ile Forodhani uliponishika kiganja ukakiweka mbele ya mdomo wako, ukasema "kaa" la moto, kisha "kaa" wa pwani? Ule wa pwani ulinipuliza kiganja. Lile la moto halikunipuliza. Halafu ukarudia kwa paa la nyumba na paa wa porini. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu wa Kiswahili kwa miaka tisa na hakuna aliyewahi kunionyesha. Si bure mwaka 1928 pale Mombasa walikaa wakachagua Kiunguja kiwe msingi. Wewe umezaliwa Jang'ombe. Jina la mtaa wako peke yake ni somo zima. Wanafunzi wangu wanalisoma "Jangombe" na sina sauti ya kuwasahihisha nayo.

Basi nakuomba mazungumzo 14. Mimi nitakuwa mteja, mgeni, mpangaji. Wewe uwe Bi Mkubwa, muuza samaki, daktari. Na orodha moja ya maneno mawili mawili yanayofanana. Si kazi ya siku moja, najua. Lakini vipande ni vifupi. Kile kitufe cha kurekodi kilichomo ndani ya Moodle hukata kwa dakika 2, na mwanzoni nilikichukia, nikataka Hamisi akiongeze. Nimekiacha. Kipande cha dakika moja na nusu mtu anakirudia mara kumi akiwa jikoni. Cha dakika 25 hakirudii mtu. Siku hizi kila mazungumzo yana faili lake, na chini ya kila sauti naweka maandishi yote, neno kwa neno, kwa sababu darasani nina kijana kiziwi na sitaki akose hata utani.

Namna ya kurekodi. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isilie katikati. Maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni, lakini ikae pembeni kidogo, isikuelekee mbele. Ile pumzi yako ya kaa wa pwani ikiigonga maiki moja kwa moja inatoa kishindo, na ni pumzi ile ile ninayoitaka ibaki. Isogee pembeni, pumzi ipite, neno libaki. Ukianza, kaa kimya kama sekunde 5 kwanza. Ukimya wa chumba chako nitaupa Audacity, programu yangu ya kuhariri sauti, kama mfano, iujue uvumi wa chumba iuondoe kwenye sehemu nyingine. Ila sitaondoa sana, ukizidisha mtu anasikika kama yuko chini ya maji. Ukikosea usizime. Piga kofi moja, rudia sentensi, endelea. Kofi linaonekana kwenye mchoro wa sauti kama mwiba, nami nitalikata bila kukutafuta.

Na tafadhali usiseme polepole. Hili nimegombana nalo na wengi. Mtu akiambiwa azungumze na wageni anaanza kuvuta maneno kama anamwita kuku, na Kiswahili kinapoteza mwendo wake wote. Sema kama unavyosema na Mama barazani. Baada ya kila sentensi niachie ukimya wa urefu ule ule wa sentensi, ili mwanafunzi aitamke peke yake. Huo ukimya ni wake, ndio darasa lake.

Usinitumie kama sauti ya WhatsApp, inaminya sana, na kinachoumia kwanza ni s, sh na th, zile zile tunazozitafuta. Tuma kama faili la kawaida, kwa njia ya kutuma hati. Nitageuza mwenyewe huku kuwa MP3.

Naandika haya namkumbuka baba. Aliwahi kutuhadithia ile kampeni ya redio ya mwaka 1973, Mtu ni Afya. Yeye alikuwa kiongozi wa kikundi kijijini kwetu. Redio moja juu ya kigoda, watu wamezunguka mkekani, kijitabu mkononi. Kipindi kikiisha wanajadili, kisha wanainuka kwenda kuchimba vyoo. Wiki 12. Watu kama milioni mbili nchi nzima walikaa hivyo. Baba alisema mzee wetu mmoja asiyejua kusoma alikuwa anakumbuka kipindi kizima, anakirudia kwa sauti ya mtangazaji mpaka na pumzi zake. Kijitabu kilisaidia, lakini sauti ndiyo iliyoingia majumbani. Nami nimekaa miezi yote nikipamba maandishi, sauti nimeiacha ya mwisho.

Ya Rehema: mume ni mpole, wamehamia Kigamboni, ana mimba lakini usiseme kwa Bi Mwajuma. Mzee Kombo alilazwa wiki mbili, ametoka. Yule paka wako bado yupo, amenenepa.

Malipo nitakupa, na usianze kukataa, kazi ni kazi. Jina lako nitaliandika chini ya kila sauti ukiridhia. Usiporidhia nitaandika "sauti ya Unguja" tu.

Niambie basi. Utaweza? Chumba cha nyuma cha Mama bado kina lile kabati kubwa la mvule, na nguo zimejaa? Jenereta ya jirani imehama au ingali inavuma? Saa ngapi kwenu kunatulia kweli, baada ya isha au alfajiri? Mama atakubali kusema mistari miwili mitatu ya Bibi kwenye somo la 17? Nataka sauti ya mtu mzima hapo, yule binti aizoee kabla hajampigia bibi yake tena. Na lile neno mlilokuwa mkilisema nyumbani kwa mtoto anayesumbua wakati wa chakula lilikuwa lipi? Nimelisahau, na somo la 12 linalihitaji.

Hamisi anavuka kwa boti ya Ijumaa asubuhi. Maiki nimeifunga kwenye kanga ndani ya kikopo cha maziwa, pamoja na karatasi za mazungumzo. Atakuletea mpaka mlangoni au utampokea bandarini?

Nduguyo,
Zuhura